Mpwa wangu amefukuzwa chuo Marekani kwa udanganyifu wa kitaaluma: ataombaje nafasi chuo kingine?

Mjomba wa Likoni

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Naandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye tangu apate habari hizi hajui aanzie wapi. Mwanawe, kijana wa Kisauni, Mombasa, alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha serikali katika jimbo moja la kaskazini mwa Marekani, kwa visa ya mwanafunzi ya F-1. Mara ya kwanza aliwasilisha kazi ya kuandika programu iliyofanana mno na ya mwenzake, akapewa sifuri pamoja na onyo la maandishi. Muhula uliofuata, kazi nyingine ikakutwa imenakiliwa kutoka mtandaoni, na kwa kuwa onyo lile lilikuwa bado kwenye faili, kamati ya nidhamu imeamua afukuzwe kabisa. Barua ya uamuzi imefika wiki hii. Mbele ya kamati alikiri, kwa hiyo sitaki tujadili kama ameonewa.

Ninachotaka kujua ni kama kuna chuo kitakachompokea, kama ni lazima aseme yaliyotokea, na kama masomo aliyoyafaulu yanaweza kuhesabiwa kwingine. Hapa mtaani kila mtu ana jibu lake, na wengi wanasema afanye kama hakuwahi kusoma popote.

Karani Mstaafu

Mjomba, poleni sana, na mpe pole dada. Nilifanya kazi katika ofisi ya msajili ya chuo kimoja cha Marekani kabla ya kurudi Arusha, na mafaili ya namna hii yalipita mezani kwangu. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, vipo vyuo vinavyopokea wanafunzi waliofukuzwa, ila si vyote. Kinachoamua mara nyingi ni neno moja la masharti ambalo waombaji hulipita bila kulisoma. Vyuo vingi humtaka mwombaji wa uhamisho awe na haki ya kurudi katika chuo alichotoka. Aliyesimamishwa kwa muhula mmoja au miwili anaweza kutimiza sharti hilo baada ya kumaliza adhabu yake, lakini aliyefukuzwa moja kwa moja hawezi. Kwa hiyo, kabla hajalipa ada ya maombi hata moja, aandikie ofisi ya udahili ya kila chuo anachokifikiria, aeleze kwa sentensi mbili kwamba amefukuzwa kwa kosa la kitaaluma, kisha aulize kama kanuni zao zinaruhusu ombi lake lisomwe. Jibu la maandishi alihifadhi.

Jambo la pili ni kuisoma upya barua ile ya uamuzi, neno kwa neno. Kuna kufukuzwa moja kwa moja, kuna kuondolewa kwa muda usiojulikana wenye ruhusa ya kuomba kurejeshwa, na kuna kusimamishwa kwa muda maalumu, na familia nyingi huyaita yote kwa jina moja. Katika kashfa ya Harvard ya 2012, wanafunzi wapatao 125 wa somo moja la siasa walichunguzwa kuhusu mtihani wa kufanyia nyumbani, na takriban 70 kati yao wakatakiwa kuondoka chuoni. Magazeti mengine yaliandika kana kwamba wamefukuzwa, ilhali waliondolewa kwa muda tu. Mbele ya afisa wa udahili, hizo ni kesi mbili zisizofanana hata kidogo.

Kijana wa Kariakoo

Mimi sioni kwa nini ajichongee mwenyewe. Cheti chake cha sekondari cha Kenya, KCSE, kipo na alama zake zipo. Aombe kama mwanafunzi mpya wa mwaka wa kwanza, aache kabisa kukitaja kile chuo, na maisha yaendelee. Nani Marekani atapiga simu kuuliza kuhusu kijana wa Kisauni? Nimesikia pia kwamba ile Common App, fomu ya pamoja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, imeacha kuuliza mambo ya nidhamu.

Karani Mstaafu

Mdogo wangu, hilo la Common App ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu. Swali la adhabu za shule liliondolewa katika sehemu ya pamoja ya fomu kuanzia msimu wa maombi wa 2021 hadi 2022, lakini kila chuo kilibaki na uhuru wa kuuliza katika sehemu yake chenyewe, na kwa upande wa wanaohama vyuo vingi bado huuliza. Hata fomu isiyouliza chochote kuhusu adhabu humtaka mwombaji aorodheshe kila chuo alichowahi kusajiliwa baada ya sekondari, na mwishoni hutia saini kwamba orodha hiyo imekamilika.

Simu ya kuuliza haihitajiki. Kuna shirika liitwalo National Student Clearinghouse, lililoanzishwa 1993, ambalo vyuo karibu vyote vya nchi ile hulipelekea taarifa za usajili wa wanafunzi wao. Karani wa chuo kipya huingiza jina na tarehe ya kuzaliwa, na orodha ya vyuo humtokea hapo hapo. Kwa mwenye visa ya mwanafunzi kuna na daftari la pili, SEVIS, ambamo serikali ya Marekani huweka chuo kilichotoa I-20 yake, yaani fomu ya chuo ya kuombea visa, tarehe aliyoanza, na sababu ya rekodi yake kufungwa. Kufukuzwa ni mojawapo ya sababu zinazochaguliwa humo.

Watu pia hutegemea sheria ya faragha ya elimu ya 1974, ile FERPA, wakidhani kwamba chuo cha zamani kimefungwa mdomo. Sheria hiyo hiyo inakiruhusu chuo kupeleka taarifa za mwanafunzi, zikiwemo za nidhamu, kwa chuo kingine ambako anaomba kusajiliwa. Basi tufikirie hali ilivyo. Kijana aliyefukuzwa kwa udanganyifu anatia saini tamko la uongo ili apate nafasi. Likigundulika kabla ya kudahiliwa, nafasi imekwenda. Likigundulika mwaka wa tatu anafukuzwa tena, na safari hii hana la kueleza. Likigundulika baada ya kuhitimu, chuo kinaweza kuifuta shahada. Na ada ya miaka hiyo yote hairudi.

Wakili wa Kimara

Naomba nigusie viza, kwa sababu naona wote mmekimbilia kuomba nafasi ilhali saa ya uhamiaji imeshaanza kuhesabu. Mwanafunzi wa F-1 anayefukuzwa hapati zile siku 60 anazopewa aliyehitimu, wala zile 15 anazopewa aliyeondoka kwa idhini ya afisa wa wanafunzi wa kigeni. Afisa huyo anatakiwa aripoti ndani ya siku 21 tangu ajue kwamba mwanafunzi hatimizi tena masharti, na rekodi ikifungwa kwa sababu ya kufukuzwa, kijana anatakiwa kuondoka nchini bila muda wa ziada.

Kwa hiyo swali la kwanza kwake leo ni hili: je, rufaa ikiwa imewasilishwa, adhabu inasimama mpaka rufaa iamuliwe? Katika vyuo vingi husimama. Ikiwa ni hivyo, afike mwenyewe kwa afisa huyo akiwa na nakala ya rufaa mkononi, aombe rekodi isifungwe kabla ya uamuzi wa mwisho. Asitume ujumbe tu na kukaa kusubiri.

Rekodi ikishafungwa zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kurejeshewa hadhi ya mwanafunzi kwa fomu I-539 kupitia chuo kipya, lakini kanuni inamtaka aonyeshe kwamba ukiukaji ulitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na kwa kawaida asiwe amevuka miezi mitano nje ya hadhi. Mtu aliyenakili kazi akakiri, sioni atasimamia wapi. Ya pili ni kurudi nyumbani, kupata I-20 mpya kabisa, kulipa tena ada ya SEVIS ya dola 350, kisha kuingia upya kama mwanafunzi anayeanza. Njia hii ni ndefu na ina gharama, na inamlazimu asome mwaka mzima tena kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi za mafunzo nje ya chuo. Pamoja na hayo, kwa kesi kama hii ndiyo njia iliyo salama. Ubalozini akiulizwa kwa nini aliacha chuo cha kwanza, jibu lake lilingane na alichoandika kwenye maombi. Nakushauri mlipie hata saa moja ya wakili wa uhamiaji wa huko huko. Haya ninayoandika hapa ni ramani tu.

Mwalimu wa Dodoma

Wakili ameitaja rufaa, na mimi naona tusiipite haraka, maana wengi huiacha kwa fedheha. Rufaa katika vyuo vya Marekani haisikilizi kesi upya. Kwa kawaida hukubali hoja za aina tatu: kwamba utaratibu ulivunjwa, kwamba kuna ushahidi mpya, au kwamba adhabu imezidi kosa. Mpwa amekiri, kwa hiyo hiyo ya tatu ndiyo yake. Aombe kufukuzwa kubadilishwe kuwe kusimamishwa kwa mwaka mmoja au miwili, na akiweza aonyeshe kanuni za chuo chenyewe kwa makosa yanayofanana. Akifanikiwa katika hilo peke yake, lile sharti la haki ya kurudi alilolisema Karani halitamzuia tena, na milango mingi iliyokuwa imefungwa itafunguka.

Chuo chake ni cha serikali, jambo linalompa haki ambazo wa chuo binafsi huzipata tu pale kitabu cha kanuni za chuo kinapozitaja. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua, katika kesi ya Dixon dhidi ya bodi ya elimu ya Alabama, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la nidhamu bila kumpa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Walioshtaki walikuwa wanafunzi weusi waliofukuzwa baada ya kukaa katika mkahawa wa Wazungu mjini Montgomery mwaka 1960 wakidai kuhudumiwa. Ni kesi ya ubaguzi wa rangi, lakini leo inamlinda hata aliyenakili programu. Basi atazame: alipewa mashtaka kwa maandishi? Alipewa siku za kujiandaa? Aliuona ushahidi wenyewe? Katika masomo ya kompyuta ushahidi huo mara nyingi hutoka kwenye mfumo uitwao MOSS, uliotengenezwa 1994, ambao hulinganisha muundo wa programu zenyewe. Kubadilisha majina yaliyotumika ndani ya programu hakuudanganyi, na wanafunzi wengi hilo hulijua wakati wameshachelewa.

Niongeze jambo kwa wazazi wengine wanaosoma hapa, ambao watoto wao wanashutumiwa kutumia akili unde (AI) na wanakana. Hao wana hoja nzito zaidi. Utafiti uliotolewa 2023 na watafiti wa Stanford ulipima mifumo ya kutambua maandishi ya mashine kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, yaani insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kimakosa kuwa za mashine. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt kiliuzima mfumo wa aina hiyo ulio ndani ya Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, kikieleza kwamba hata kosa la asilimia 1 tu, kwa kazi 75,000 walizopitisha katika Turnitin mwaka uliotangulia, lingezigusa kazi 750 za wanafunzi wasio na hatia. Mtoto wa namna hiyo asikubali haraka adhabu nyepesi ili yaishe, kwa sababu kukubali kunaingia kwenye faili na faili ndilo litakalosomwa na chuo kijacho. Rasimu za kazi, historia ya mabadiliko ya faili na madaftari yake avitunze vyote.

Mama Watoto wa Tanga

Na akijiondoa mwenyewe kabla uamuzi haujatoka? Kuna jirani yetu mwanawe alishauriwa hivyo.

Karani Mstaafu

Dada, kwa mpwa wa Mjomba wakati huo umepita, lakini kwa wengine inategemea kanuni za chuo husika. Vyuo vingine huendelea na kesi hata kama mwanafunzi ameondoka, na vingine huandika kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zake, kwamba ameondoka shauri la nidhamu likiwa bado. Maneno hayo humtia msomaji wasiwasi kuliko hukumu yenyewe, kwa sababu hajui lililofichwa ni kubwa kiasi gani.

Kuhusu transkripti kwa jumla, Mjomba, aombe nakala rasmi sasa hivi, ajitumie mwenyewe moja, aone kilichoandikwa. Chuo kimoja huandika kufukuzwa waziwazi, kingine huacha alama ya F tu. Chuo Kikuu cha Maryland kina alama yake ya XF, maana yake amefeli kwa udanganyifu, na Simon Fraser cha Kanada kina FD kwa kusudi hilo hilo. Aangalie pia kama anadaiwa chochote, hata faini ya maktaba, kwa sababu vyuo vingi huzuia transkripti mpaka deni liishe. California na New York zimepiga marufuku zuio hilo kwa sheria, lakini si majimbo yote.

Masomo aliyoyafaulu kihalali hayafutwi kwa kufukuzwa. Yanabaki kwenye transkripti yake na chuo kipya kinaweza kuyahesabu, ila uamuzi ni wa chuo kipya. Somo lolote lenye F ya udanganyifu alihesabu kuwa la kurudia.

Njia niliyoona ikifanya kazi mara nyingi ni chuo cha jamii, vile vya miaka miwili. Milango yao iko wazi kwa karibu kila mwenye cheti cha sekondari, na California peke yake ina 116. Mwenye visa anavihitaji vile tu vyenye idhini ya kutoa I-20, na lazima aonyeshe fedha za mwaka. Akisoma pale miaka miwili kwa alama nzuri bila doa, ombi lake kwa chuo kikuu litasomwa likiwa na ushahidi mpya, na barua za mapendekezo zitatoka kwa walimu wanaomjua baada ya kosa. Kurudi Kenya nako kusidharauliwe. Kama ana C+ ya KCSE au zaidi, anastahili kuomba shahada huko. Vyuo vya huko navyo huuliza kuhusu masomo ya awali, na akitaka krediti zake zihesabiwe, transkripti lazima iletwe, kwa hiyo lile la kuficha tusilirudie.

Mjomba wa Likoni

Nawashukuru sana. Rufaa inaandikwa leo, na kesho asubuhi ataenda kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni. Kuhusu maelezo yanayotakiwa kwenye fomu za uhamisho, ameshaandika rasimu kwa Kiingereza, nami naifasiri hapa sehemu yake mtusaidie:

“Mwaka wangu wa pili ulikuwa mgumu. Nilikuwa mbali na nyumbani, mama alikuwa akiugua, na nilikuwa nikifanya kazi jioni katika mkahawa wa chuo. Shinikizo lilikuwa kubwa na sikuwa na wa kunishauri. Katika mazingira hayo kulitokea kutoelewana kuhusu kazi zangu mbili, na chuo kikaamua niondoke. Nimejifunza thamani ya uadilifu na niko tayari kwa mwanzo mpya.”

Karani Mstaafu

Mjomba, mpwa wako anaandika vizuri, na hiyo ndiyo shida. Msomaji wa ofisi ya udahili anamaliza aya nzima bila kujua kijana alifanya nini. Kosa limepewa nusu sentensi, tena limeitwa kutoelewana, ilhali barua ya kamati iliyoko kwenye faili inasema alinakili na akakiri. Karatasi hizo mbili zitawekwa meza moja. Ugonjwa wa mama na kazi ya mkahawani, kama ni kweli, vitajwe, lakini baada ya tendo, na kwa ufupi.

Mimi ningemshauri aanze hivi: “Katika muhula wa kwanza wa mwaka wa pili niliwasilisha kazi ya programu niliyoinakili kwa mwenzangu. Nilipewa sifuri na onyo. Muhula uliofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha, nilinakili sehemu kubwa ya kazi nyingine kutoka mtandaoni. Nilijua sheria, nami nilikiri mbele ya kamati. Chuo kilinifukuza.” Hapo msomaji ameshajua lililo baya kuliko yote, na hana tena sababu ya kulitafuta. Kisha aeleze kwa nini onyo la kwanza halikumzuia, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo afisa yeyote atajiuliza. Kosa la mara moja husameheka kirahisi. La pili baada ya onyo linahitaji maelezo ya kweli. Huenda alikuwa ameelemewa na masomo mengi kuliko uwezo wake na akaogopa kupunguza mzigo kwa ajili ya visa. Huenda msingi wake wa programu ulikuwa dhaifu na akaona aibu kwenda saa za ushauri za mwalimu. Ni yeye anayejua, na asitungiwe na mtu.

Baada ya hapo aandike alichokwisha kukifanya. Nasema alichokwisha kukifanya kwa sababu ahadi zimejaa kwenye kila faili. Akitumia miezi hii kusoma upya somo lile lile na kuzifanya zile kazi mbili mwenyewe mwanzo hadi mwisho, ana kitu cha kuonyesha.

Kijana wa Kariakoo

Dada Karani, nakubali hoja yako, ila bado nauliza: kwa ukweli wote huo, si watamkataa wengi?

Karani Mstaafu

Watamkataa wengi, ndiyo. Vyuo vyenye ushindani mkubwa huwa na waombaji wa uhamisho wasio na doa wengi kuliko nafasi, na havina sababu ya kujiingiza kwenye kesi. Ndiyo maana nikasema aulize kwanza kwa barua, na asitupe fedha kwa majina makubwa. Lakini maafisa wa udahili wanajua pia kwamba adhabu za vyuo hazilingani. Chuo Kikuu cha Virginia kilikuwa na adhabu moja tu kwa kila aliyepatikana na hatia chini ya kanuni yake ya uadilifu, nayo ni kufukuzwa, mpaka wanafunzi walipopiga kura ya kuibadilisha 2022. Kosa ambalo kwingine lingekuwa sifuri ya somo, pale lilikuwa mwisho wa safari. Msomaji mwenye uzoefu huangalia tendo lenyewe kabla ya jina la adhabu, ndiyo maana nasisitiza tendo liandikwe wazi.

Mjomba wa Likoni

Nimeelewa, nami nimemtumia maneno yako kama yalivyo. Swali langu la mwisho: fomu moja inataka barua ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi wa chuo kilichomfukuza. Anaona haya kuwaomba. Je, anaweza kuweka ya mwalimu mwingine badala yake?

Karani Mstaafu

Hapana, barua ile huandikwa na ofisi yenyewe, na ikikosekana ombi halisomwi. Aende mapema kabla ofisi haijafungwa kwa likizo, awaombe waeleze adhabu, tarehe yake, na kwamba alikiri na kutoa ushirikiano katika shauri. Hilo la mwisho wengi hulisahau kuliomba, na maofisa hao, wakiombwa kwa adabu, huliandika. Barua ya mwalimu iwe nyongeza, na iwe ya mwalimu anayejua kisa chote. Mwalimu asiyejua akija kupigiwa simu na kushtuliwa, barua yake nzuri itageuka kuwa hasara.

Wakili wa Kimara

Na nakala ya kila karatasi anayoipeleka ibaki kwa mama yake Kisauni, kwa sababu akifungiwa anwani ya barua pepe ya chuo, kila kilichokuwa humo hatakipata tena. Avitoe leo hii, kabla hata ya kwenda kwa afisa.